Kwa nini PSP Go ilidoda?

Swali: "Fundi, shikamoo. Shemeji yangu anayefanya kazi Muscat ameniletea PSP Go, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, nyeusi na iliyotunzwa vizuri, na chaja yake. Nina kibanda cha gemu hapa Ujiji, PS2 mbili na PS3 moja, nikawaza niiongeze vijana waicheze kwa kulipia dakika. Lakini kila ninayemwonyesha anacheka, ananiambia hiyo ilifeli, hata Sony wenyewe waliitelekeza. Sasa mbona ni nzuri kuliko PSP ya kawaida? Ni ndogo, kioo kinateleza juu na kufunua vitufe, ina giga 16 humo humo ndani. Ilifeli kwa nini? Na mimi nifanye nayo nini?"

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hao wanaokucheka wamepatia nusu. Ni kweli ilifeli, tena vibaya. Wanapokosea ni pale wanapodhani ilifeli kwa sababu ni mbovu. Mimi kazi yangu ni kufungua vitu hivi hapa Mwanga, Kigoma, na nikiwekewa PSP zote mezani, Go ndiyo iliyoundwa kwa ustadi zaidi. Reli ya kile kioo haichezi ovyo hata baada ya miaka mingi, vitufe havina ulegevu, na kasha halilii ukilibana. Tatizo halikuwa kwenye mashine. Lilikuwa kwenye biashara waliyoifunga pamoja na mashine, na ukitaka kuielewa inabidi tuanze na ile diski iliyoondolewa.

PSP ya kwanza iliingia sokoni Japani Desemba 2004, Marekani Machi 2005, Ulaya Septemba mwaka huo huo. Gemu zake zilikuja kwenye UMD. Kama hujawahi kuishika, ni kidiski kidogo cha sentimita sita kilichofungiwa ndani ya kasha la plastiki, upande mmoja una kidirisha ambacho jicho la leza husomea. Unafungua mlango nyuma ya mashine, unakichomeka, unafunga, unasikia mota ikianza kukoroma. Inabeba hadi giga 1.8, ambazo kwa mwaka 2004 zilikuwa nyingi sana kwa kitu cha mfukoni. Kasoro zake zilijulikana: inakula betri, inachelewa kufungua gemu, na ile mota ikichoka unabaki na mlio tu. Kwa hiyo aliyekaa Tokyo na kusema "tuitoe hii" hakuwa mwehu. Hata mimi UMD zimenitesa.

Juni 2009, kwenye maonyesho ya E3 kule Los Angeles, Sony wakaonyesha Go. Ikaingia madukani Marekani na Ulaya tarehe 1 Oktoba 2009, Japani mwezi mmoja baadaye. Kioo kikapungua kutoka inchi 4.3 hadi 3.8, vitufe vikafichwa chini yake, ikawekwa Bluetooth, na giga 16 za kuhifadhia. Mlango wa UMD haupo tena. Gemu zote uzinunue kwenye duka la mtandaoni la Sony, uzishushe, basi.

Bei yake Marekani ilikuwa dola 249.99. Na hapa ndipo watu walipoishiwa hamu, kwa sababu PSP-3000, PSP ya kawaida ya wakati huo, haikuondolewa sokoni. Ilikuwa kwenye rafu hiyo hiyo, pembeni yake, kwa dola 169.99. Ina kioo kikubwa zaidi, inacheza gemu zile zile, inasoma UMD, na duka la mtandaoni inaingia vilevile. Tofauti ni dola 80, ambazo kwa kiwango cha wakati ule, kama shilingi 1,300 kwa dola, ni zaidi ya laki moja. PSP-3000 ina uzito wa gramu 189, Go 158. Unalipa laki ya ziada upunguziwe gramu 31 na unyang'anywe mlango wa diski. Ni sawa na kuuziwa baiskeli isiyo na keria kwa bei kubwa kuliko yenye keria, halafu muuzaji akusifie kwamba ni nyepesi.

Mashine ghali zimewahi kuuzika, kwa hiyo bei peke yake isingetosha kuiua. Kilichoiua kabisa, kwa maoni yangu, ni kwamba walimtaka mnunuzi alipe zaidi ili amiliki kidogo. Wewe unaendesha kibanda, hili unalijua bila kufundishwa. CD ya gemu hapa Kigoma haina mwenye moja. Inanunuliwa Kariakoo, inakuja na treni au basi, inachezwa Ujiji mpaka watu waichoke, inabadilishwa na kijana wa Gungu kwa nyingine, inakopeshwa, inawekwa rehani, na mwisho inauzwa kwa mtu wa Kasulu kwa nusu bei. Kila mkono unaopita unapata kitu. Tusidhani hiyo ni tabia ya sisi maskini tu. Marekani na Ulaya kulikuwa na maduka mazima yaliyoishi kwa gemu za mkono wa pili. Mtoto anapeleka gemu tatu alizomaliza, anaongeza hela kidogo, anaondoka na mpya. Bei ya gemu mpya ilivumilika kwa sababu kila mtu alijua sehemu ya hela yake itarudi siku atakayoiuza.

Gemu uliyoishusha kwenye Go imefungwa kwenye akaunti yako. Huwezi kumwazima ndugu yako, huwezi kuiuza, huwezi kuibadilisha. Hilo lingevumilika kama bei ingeshuka ipasavyo, maana hakuna diski ya kutengeneza, hakuna kasha, hakuna lori. Haikushuka kiasi hicho. Gemu kubwa kwenye duka la mtandaoni ziliuzwa karibu na bei ya diski mpya, na diski ya mkono wa pili ilikuwa chini ya zote mbili. Mwenye PSP-3000 alikuwa na sehemu tatu za kununulia. Mwenye Go alikuwa na moja, na mwenye duka ndiye mwenye mashine. Hana wa kushindana naye, atashusha bei kwa sababu gani?

Halafu kuna waliokuwa na PSP tangu mwanzo, mashabiki hasa, wenye UMD kumi au ishirini kabatini. Hao ndio waliotarajiwa kununua Go wa kwanza kabisa. Swali lao lilikuwa moja: gemu nilizokwisha lipia zitahamaje? Sony walidokeza kwamba utakuwepo mpango wa kuzihamisha, kisha siku chache kabla ya uzinduzi wakasema hautakuwepo, kwa sababu za kisheria na za kiufundi. Ulaya waliwapoza wenye PSP za zamani kwa gemu tatu za bure. Gemu tatu, kwa mtu mwenye kabati zima! Na hata ukikubali kununua upya, baadhi ya gemu bora hazikuwekwa kabisa kwenye duka la mtandaoni. Crisis Core: Final Fantasy VII, moja ya gemu zilizowafanya watu wanunue PSP, haikupatikana kwa kushusha. Kingdom Hearts: Birth by Sleep ilitoka mwaka 2010, Go ikiwa tayari sokoni, nayo ikatoka kwenye UMD tu. Yaani mashine mpya ya kampuni haiwezi kucheza gemu mpya ya mashine hiyo hiyo.

Wenye maduka nao walikuwa na hesabu zao. Faida ya kuuza mashine yenyewe siku zote ni ndogo. Duka linakula kwenye gemu, kwenye vifaa, na kwenye mkono wa pili. Ukimuuzia mteja Go umemuuzia mara moja, kisha umemkabidhi kwa Sony moja kwa moja. Uholanzi kulikuwa na duka lililotangaza hadharani kwamba halitaiweka kabisa. Wengi waliiweka, ila kuiweka na kuipigia debe ni mambo mawili. Mteja akiuliza, "Nichukue ipi?", muuzaji anayejua hesabu atanyoosha kidole kwenye PSP-3000, na hapo hata hadanganyi.

Kuhusu kushusha gemu, tuzungumzie intaneti kidogo. Waifai ya Go ni ile ile ya PSP ya 2004, aina ya 802.11b, ambayo hata kwenye karatasi haizidi megabiti 11 kwa sekunde. Mtu wa London mwenye laini ya kasi nyumbani alikuwa anasubiri kwa sababu ya mashine yenyewe, kiasi kwamba wengi walishushia kwenye kompyuta au PS3 kwanza ndipo wakahamisha kwa waya. Sasa jipime sisi. Mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, miezi michache tu kabla ya Go kutoka. Kigoma wakati huo intaneti ilikuwa ya kafe, unalipia dakika, na umeme wetu ulikuwa wa jenereta za dizeli. Gemu ya giga moja ungeimalizia wapi? Na hata leo, ukiwa na bando la kutosha, Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi unazoweza kufungulia akaunti ya PlayStation. Vijana hujiandikisha kama wako Afrika Kusini au Uingereza, kisha wanakwama kwenye malipo. Sony hawakutuwaza sisi walipoiunda, na siwalaumu kwa hilo. Lakini sehemu kubwa ya dunia ilikuwa inafanana na Kigoma kuliko ilivyofanana na Tokyo, na huko PSP za kawaida zilifika na Go haikufika.

Vifaa navyo vilikera. PSP za zamani zilitumia kadi ya memori aina ya Memory Stick Duo. Go inatumia M2, kikadi kidogo kama ukucha, kwa hiyo kadi zako zote za zamani ni za kutupa. Tundu la kuunganishia kompyuta lilikuwa mini-USB, waya unaopatikana kila mahali. Go ikaja na tundu lake la pekee. Betri ya PSP-3000 unaitoa kwa kidole, ya Go imefungiwa ndani kwa skrubu, tena ni ndogo zaidi, 930 mAh badala ya 1,200. Kwa hiyo hata ile faida ya kuondoa mota inayokula umeme haikumfikia mchezaji: bado ni saa tatu hadi sita, kama kawaida.

Utasikia pia kwamba simu ndizo zilizoiua. Kidogo. Duka la programu la Apple lilifunguliwa Julai 2008 na gemu za dola moja zikaanza kuzoesha watu bei nyingine kabisa, hilo lilichangia. Lakini tazama Nintendo, washindani wa Sony. Mwaka huo huo walikuwa wanauza mashine yao ya mkononi, DSi, Marekani kwa dola 169.99, nayo ina duka la kushusha gemu. Tofauti ni kwamba waliacha tundu la kadi. Aliyetaka kushusha alishusha, aliyetaka kununua kadi dukani alinunua, na DSi ikauzika vizuri tu. Cha kuchekesha ni kwamba Nintendo wenyewe walikuwa wameshaonja shubiri ya aina hii mwaka 2005 na Game Boy Micro, kitu kizuri mno, kidogo kuliko kiganja, ambacho kilikataa kusoma kaseti za Game Boy za zamani wakati Game Boy Advance SP iliyoitangulia ilizisoma. Nacho kilidoda.

Kuna wanaotaja uharamia, kwamba gemu za PSP zilikuwa zinanakiliwa na kila mtu na Go iliundwa ili kukomesha hilo. PSP nyingi zilizopita mtaani kwetu zilikuwa zimeshafunguliwa ulinzi wake, gemu zimejazwa kwenye kadi, UMD hata haijulikani ni nini, wala sitakuficha. Inawezekana kabisa Sony walikuwa na hilo kichwani. Ila halielezi kwa nini mnunuzi halali wa Ujerumani aliikataa, na Go yenyewe ilikuja kufunguliwa vilevile.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Oktoba 2010 bei Marekani ikashushwa hadi dola 199.99, na gemu za bure zikaanza kugawiwa kwa wanunuzi. Aprili 2011 Sony wakatangaza kuisitisha nje ya Amerika Kaskazini, mwaka mmoja na nusu tu baada ya kuitoa. Sasa angalia walichofanya miezi michache baadaye. Mwaka huo huo wa 2011 walitoa Ulaya PSP nyingine mpya, E1000, kwa euro 99.99, na safari hii walichokiondoa ni waifai. UMD ikabaki! Kampuni ile ile, ndani ya miaka miwili, ikatoa PSP isiyo na diski na PSP isiyo na intaneti, na iliyobaki madukani ni yenye diski. PSP za UMD ziliendelea kuuzwa mpaka 2014, yaani mzee alimzika kijana. Na PS Vita, mashine ya mkononi ya Sony iliyoifuata PSP, ilipokuja Desemba 2011 ilikuwa na tundu la kadi za gemu.

Sisemi kwamba wazo la kushusha gemu lilikuwa baya. Mwaka 2020 PS5 ilipotoka, ile isiyo na diski iliuzwa dola 399 na yenye diski dola 499. Waliochukua isiyo na diski walijua wanaacha nini, na walipunguziwa dola mia kwa kukiacha. Mwaka 2009 walikiacha na wakaongezewa 80.

Haya, tuje kwenye yako.

Kibandani usiiweke. Kwanza, vijana wanaolipia wanataka kuangaliwa wakicheza. Kioo cha inchi 3.8 kinachezwa na mmoja na wengine wanaguna. Pili, kile kioo kinachoteleza kina utepe wa waya unaojikunja kila kikifunguliwa. Kwa mikono ya mtu mmoja utadumu, kwa mikono ya watoto arobaini wanaokifyatua kwa mbwembwe sitakuahidi, na utepe wa Go hapa Kigoma sina. Itabidi uagizwe nje. Tatu, waya wa chaji ukipotea mashine imelala, kwa sababu hakuna waya wa simu unaoingia mle.

Ila wewe una PS3, na hapo una bahati ambayo wengi hawana. Go inakubali pedi ya PS3 kwa Bluetooth: unaiunganisha kwa waya na PS3 mara moja ili vitambuane, baada ya hapo unaichezea kwa pedi bila kuigusa. Ukipata na waya wake wa kupeleka picha kwenye televisheni, nao ni wa kwake peke yake, unaweza kuiweka juu ya meza imefungwa na mtu akacheza kwenye kioo kikubwa. Picha haitajaa kioo chote, itakuwa na mpaka mweusi pembeni. Mimi nisingeununua waya huo kwa ajili ya biashara. Kwa starehe yako nyumbani, sawa.

La muhimu kuliko yote: kabla hujabonyeza chochote, ingia kwenye orodha ya gemu uone shemeji ameacha nini. Ukikuta gemu, usikubali fundi yeyote akuambie "tuifute ianze upya". Zile gemu zinafunguka kwa sababu mashine imesajiliwa kwenye akaunti iliyozinunua, na ukiirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani usajili unafutika, gemu zinabaki mzigo. Muulize shemeji akaunti ni ya nani na kama nywila yake anaikumbuka. Kununua kutoka kwenye Go yenyewe kulishafungwa, kwa hiyo kilichomo ndani ndicho chenye thamani. Zinakili zote kwenye kompyuta mapema.

Angalia na betri. Ukiona mgongo umeinuka au kioo hakiketi sawa kikifungwa, izime na usiichaji tena mpaka uniletee, betri inakuwa imevimba. Na ukiamua kuiuza, usimuuzie mtu wa kibanda mwenzako. Tafuta wakusanyaji wa mashine za zamani Dar au Nairobi, hao siku hizi wanaiulizia. Iende na chaja yake na waya wake, maana ukivitenganisha huyo mnunuzi naye atarudi kuniuliza mimi waya unapatikana wapi.